Masisi: Kamera inagundua ajali kwa sekunde chache, lakini Ngungu nani atafika?

Barabara inayopanda kutoka Minova, kandokando ya ziwa Kivu, hadi Ngungu katika eneo la Masisi haipenyi ndani ya mlima, inauzunguka. Wakati wa mvua udongo unaporomoka, kamyo inakwama kwenye matope, na zinazofuata zinapanga mstari nyuma yake. Habari inawafikia wakaaji kwa mdomo wa motari aliyepata pa kupenya, ao kwa simu, kama rezo iko.

Ulaya, ndani ya mahandaki marefu ya barabara, kazi hiyo ya kupasha habari inafanywa na kamera. Zinafungwa juu, moja baada ya ingine, na kompyuta inafuatilia picha zao usiku na mchana. Gari likisimama ghafla, likija kinyume, mtu akitembea kwa miguu ao moshi ukianza kuficha ukuta, kengele inalia ndani ya sekunde chache. Mfanyakazi anahakikisha kwenye picha, anawasha taa nyekundu mlangoni ili magari mengine yasiingie, kisha anaita zimamoto.

Ni vifo vilivyoleta haraka hiyo. Tarehe 24 Machi 1999, kamyo iliyobeba unga na majarini iliwaka moto ndani ya handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia. Watu 39 walikufa, na moto ulidumu zaidi ya saa 50. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ukatoa amri: kwenye barabara zake kuu, kila handaki lenye kituo cha uongozi liwe na kamera na mtambo unaogundua matukio wenyewe.

Mtambo huo nao unadanganyika. Taa zinazong'aa kwenye lami yenye maji, kivuli cha mlangoni, vumbi kwenye kioo cha kamera: unalia bure, na mlinzi aliyechoshwa na kengele za uongo anaanza kuzidharau.

Congo si mgeni wa mambo haya. Tangu 2013 Kinshasa iliona roboti za injinia Thérèse Izay Kirongozi zikiongoza magari kwenye njia panda kwa nguvu ya jua, huku kamera zake zikituma picha kwa polisi.

Kwa hiyo kufunga kamera na paneli ya jua kwenye kona mbaya ya Ngungu kunawezekana. Kigumu ni kile kinachofuata kengele: rezo ya kupeleka picha, tingatinga ya kuondoa udongo, gari la wagonjwa, na njia ambayo vita haijaifunga. Minova yenyewe iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025. Pasipo hayo, mgonjwa anabebwa kwa kipoyi kuvuka sehemu iliyokatika, halafu ndugu zake wanatafuta pikipiki ng'ambo ya pili.