Fahamu: Baridi kali inavyoharibu mifupa na viungo

Baridi ikigandisha vidole, macho yote huenda kwenye ngozi iliyogeuka nyeusi. Mfupa husahauliwa, na hata eksirei ya siku za mwanzo huweza kuonekana safi kabisa. Lakini mishipa midogo ya damu imeziba na gegedu imekosa lishe. Miezi au miaka baadaye viungo vya vidole hukakamaa na kuuma kama vya mzee.

Watoto huumia zaidi. Gegedu inayorefusha mfupa ikifa, kidole hubaki kifupi au hupinda. Dole gumba, ajabu, mara nyingi husalimika: mtoto akihisi baridi hulificha ndani ya ngumi.

Kidole kilichoganda hakisuguliwi wala hakipashwi motoni. Hulowekwa kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39 za Selsiasi, mradi hakitaganda tena.