Kujifunza Mashine ya Kuchonga Chuma Nyumbani



Sisi wa visiwani tukisikia neno "chuma", mkono huenda kwenye pakacha na jicho juu ya mkarafuu. Leo twazungumza juu ya chuma cha moto na nyundo, nasi twawapeleka mbali na pwani, hadi Mollo, karibu na Sumbawanga, katika nchi ya juu ya Ufipa.

Wafipa ni mafundi wa chuma tangu kale. Wazee wao walijenga matanuri ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mivukuto. Kisha chuma kikasafishwa katika tanuri dogo la kuvukutwa. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipoenea. Lakini haja ya fundi haikufa. Ufipa ni nchi ya mahindi, na shafti ya mashine ya kusaga ikilika wakati wa mavuno, Mbeya iko zaidi ya kilomita 300. Hapo ndipo gereji ya nyumbani yenye mashine ya kuchonga chuma huokoa watu.

Mashine hii si ile ya kukereza. Katika kukereza, kazi huzunguka na kisu hutulia. Katika hii, kisu ndicho kizungukacho, na kazi hufungwa juu ya meza inayosogezwa kwa magurudumu ya mkono. Hukata mfereji wa kabari katika shafti na kusawazisha uso wa chuma. Mfano wa wima uliotoka Bridgeport, Marekani, mwaka 1938, umeigwa na viwanda vingi.

Anayetaka kununua atazame umeme kwanza. Mashine kubwa hutaka umeme wa njia tatu, na nyumba nyingi zina njia moja tu. Wala asidhani mashine ya kutobolea itafaa badala yake: hiyo imeumbwa kusukuma chini, na ikisukumwa ubavuni kishikio chaweza kuchomoka.

Somo la kwanza ni kufunga. Kazi ikazwe barabara katika jiliwa, na jiliwa ikazwe mezani. Mkono haushiki kazi hata mara moja. La pili ni mwendo. Kwa chuma laini na kisu cha milimita 10, mizunguko 800 hivi kwa dakika yatosha; kisu cha milimita 20 hutaka nusu yake. La tatu, mwanafunzi akate nusu milimita tu kila safari, na aisukume kazi kukabili mzunguko wa kisu. Akiifuatisha, na skrubu ya meza imelegea, kisu huinyakua kazi na kuvunjika.

Miwani ivaliwe daima. Glavu zivuliwe na mikono ya shati ikunjwe, maana kisu kikinasa kitambaa huvuta na mkono. Maranda ya chuma yafagiliwe kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa.

Ndugu zetu, mchumaji mwenye pupa huvunja tawi, na hasara huionja msimu ujao. Kwenye mashine hii hasara haingoji msimu. Basi anayeanza akae kwanza kando ya fundi mzoefu, na aharibu vipande vya chakavu kabla hajagusa shafti ya mtu.