Kompyuta ya Gari Ilisema Nini Hasa?

Mwalimu wangu wa shule ya sekondari, ambaye amestaafu na sasa anaishi Naivasha, alinipigia simu hivi majuzi kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Gari lake kuukuu, la aina ile ambayo zamani iliwapa wenyewe jina la Wabenzi hata pale lilipotoka kiwanda kingine, lilikuwa limegoma katika mpando wa Mai Mahiu. Lilishikilia gia moja, likakataa katakata kuibadilisha, likapanda kwa mngurumo mkubwa na mwendo wa kobe huku malori yaliyosheheni mizigo yakilipita. Katika gereji ya kwanza aliyoifikia, kijana mmoja alichomeka kifaa cha kupimia chini ya usukani, akakitazama kwa nukta chache na kutoa hukumu: "Mzee, kompyuta imesema giaboksi imekufa."

Bei ya giaboksi nyingine, iliyokwisha kutumika, ilizidi pensheni yake ya miezi mitano. Aliyekuwa akinipigia simu hakuwa akiniomba fedha. Alitaka tu kujua kama inafaa auze ng'ombe au auze gari.

Mimi si makanika. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na lililonishughulisha katika masimulizi yake lilikuwa kitenzi kile, "imesema". Nikamuuliza: "Mwalimu, kompyuta ilisema kwa maneno gani?" Kwa kuwa alikuwa mwalimu kwa miaka zaidi ya thelathini, alikuwa amenakili kila kitu daftarini. Kompyuta ilikuwa imesema hivi: P0700.

Huo ndio usemi wenyewe, na una sarufi yake. Herufi ya kwanza hufanya kazi inayofanana na ile ya kiambishi ngeli katika nomino zetu: P hutujulisha kwamba habari ni ya injini na gia, B ni ya bodi, C ni ya magurudumu, breki na usukani, na U ni ya mawasiliano baina ya kompyuta zenyewe. Tarakimu ya 0 inayofuata P humaanisha kwamba msimbo huu ni wa lugha sanifu, inayotumiwa na watengenezaji wote. Ingekuwa 1, tungekuwa katika lahaja ya kiwanda kimoja. Tarakimu ya 7 huelekeza kwenye gia. Mbili za mwisho hutaja jambo lenyewe. Nchini Marekani lugha hii ilikuwa ya lazima kwa magari madogo mapya kuanzia yale ya mwaka 1996, na kwa njia hiyo ikaenea duniani.

Sasa, P0700 ina maana gani? Maana yake rasmi ni hitilafu katika mfumo wa udhibiti wa giaboksi. Msomaji na aisome tena fasili hiyo polepole. Nomino kuu ndani yake ni "mfumo"; "udhibiti" huufafanua mfumo; na "giaboksi" inakuja mwisho kabisa, ikiwa imening'inia kwenye vihusishi viwili. Fundi yule aliyaangusha maneno mawili ya mbele, akabaki na neno la mkiani, kisha akaongeza kitenzi cha kifo ambacho kompyuta haikukitamka. Isitoshe, P0700 haitolewi na kompyuta ya gia. Hutolewa na kompyuta ya injini, nayo husema tu: jirani yangu wa upande wa gia amelalamika, nendeni mkamuulize. Kifaa cha bei nafuu husoma kompyuta ya injini pekee. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa karibu kuuza ng'ombe kwa sababu ya ujumbe uliosema kwamba kuna ujumbe.

Ili tuelewe jirani huyo hulalamikia nini, hatuna budi kuifungua kidogo giaboksi ya otomatiki ya kielektroniki. Ndani yake mna gia zinazozungukana kama sayari, na klachi zinazobanwa kwa msukumo wa mafuta. Mafuta huelekezwa na solenoidi, yaani vali ndogo zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme. Kompyuta hutoa amri, kisha hupima mizunguko inayoingia na inayotoka ili ione kama amri imetiiwa. Hesabu isipolingana, au kipimo kisipofika, au volti zikipungua, kompyuta huacha kubahatisha. Huzima amri zote na kuliacha gari na gia moja ya kujikokota hadi nyumbani. Madereva wengi huiona hali hii kuwa ni kifo cha giaboksi, ilhali ni tahadhari ya kuizuia isife.

Sitalitaja gari la Mwalimu kwa jina. Nitatumia mfano mwingine, unaojulikana na mafundi wa nchi nyingi: giaboksi ya Mercedes-Benz ya gia tano, iitwayo 722.6, iliyotoka mwaka 1996 na ambayo baadaye ilitumiwa hata katika baadhi ya magari ya Jaguar na Chrysler. Hiyo ikiingia katika hali ya tahadhari, kisha injini ikazimwa na kuwashwa tena, hubaki na gia ya pili na ya kurudi nyuma. Ndani yake mna bamba la plastiki lililobeba sensa mbili za mizunguko. Sensa hizo zikichoka, gari hugoma; na bamba hubadilishwa bila kuishusha giaboksi. Kuna pia plagi ya waya 13 inayoingia ubavuni, yenye mipira midogo ya kuzuia mafuta. Mipira hiyo ikizeeka, mafuta hupenya na kupanda taratibu ndani ya waya, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, mpaka yafike kwenye kompyuta ya gia iliyo mbali na giaboksi. Fundi asiyeichomoa plagi ile na kuifuta kwa kitambaa cheupe hawezi kujua.

Linalonivutia zaidi ni kwamba giaboksi hiyo haina sensa yake ya mizunguko inayotoka. Huazima habari hiyo kutoka kwa sensa za magurudumu, zile zinazotumiwa na breki. Yamkini basi gari likalalamika kuhusu gia kwa sababu ya uchafu ulioganda karibu na gurudumu la nyuma! Jina la mlalamikaji na mahali pa ugonjwa ni vitu viwili.

Hata msimbo ulio mahususi zaidi unahitaji kusomwa hivyo. P0715 aghalabu hutafsiriwa katika gereji zetu kuwa "sensa imekufa". Fasili yake inataja saketi ya sensa ya mizunguko inayoingia. Saketi ni sensa, na waya, na plagi, na pini ndani ya plagi, na kompyuta inayosikiliza upande wa pili. Neno moja likidondoka, mtu hununua sensa mpya na kurudi baada ya wiki na tatizo lile lile. Simlaumu fundi peke yake. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi husoma kitabu kwa Kiingereza, kisha hufanya kazi kwa Kiswahili na Sheng. Tafsiri hufanyika juu ya injini iliyo moto, mteja akiwa amesimama kando, na sisi tunaojiita wataalamu wa lugha hatupo.

Nami nina neno langu la kulalamikia. Watengenezaji kadhaa wa magari ya kifahari wa miaka ya 1990 walitangaza kwamba mafuta ya giaboksi zao yalikuwa "ya maisha". Maisha ya nani? Nomino hiyo iliachwa bila mwenyewe, na mnunuzi wa tatu au wa nne ndiye aliyekuja kugundua kwamba hayakuwa maisha yake. Baadhi ya magari hayo hayana hata kijiti cha kupimia mafuta. Katika 722.6 fundi hutumia kijiti cha karakana, na kipimo kamili huchukuliwa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 80, kwa kuwa mafuta hupanuka yanapopata moto.

Nilimshauri Mwalimu atafute fundi mwenye kifaa kinachozungumza na kompyuta ya gia yenyewe. Alimpata, binti mmoja mtulivu anayefanya kazi katika kibanda cha mabati. Binti yule aliisoma kompyuta ya gia na kukuta msimbo P0562: volti za mfumo ziko chini. Akapima betri injini ikiwa imezimwa, akapata volti 12.6, betri nzima kabisa. Mwingine angeishia hapo na kusema kompyuta inadanganya. Yeye aliwasha injini, akawasha taa zote na feni, kisha akapima kati ya chuma cha injini na ncha ya hasi ya betri, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na tofauti ya kutajika. Palikuwa na zaidi ya volti moja. Akaingia chini ya gari na kutoka na kipande cha waya wa kusuka, ule unaoiunganisha injini na bodi, ukiwa umeliwa na kutu na kubakiwa na nyuzi chache.

Siku ile ya Mai Mahiu, Mwalimu alikumbuka, kulikuwa na ukungu. Taa zilikuwa zinawaka na feni ya kioo inavuma.

Alifungiwa waya mpya, misimbo ikafutwa, akapanda mpando ule ule mara mbili kwa majaribio, gia zikibadilika bila mshtuko. Katika risiti, binti aliandika kwa haraka: "Giaboksi imetengenezwa." Mwalimu akaomba kalamu. Akakata neno la kwanza, akaandika juu yake "Waya wa hasi wa injini", akabadilisha "imetengenezwa" kuwa "umebadilishwa" ili upatanisho usiharibike, kisha akalipa.