Mzazi akinyimwa ukaazi wa Kanada, mwenye haki ya kukata rufaa ni mtoto aliyemdhamini

Mtoto aishiye Kanada anapomwombea mzazi wake aliyeko Tanzania ukaazi wa kudumu nchini humo na ombi likakataliwa, familia nyingi hudhani kwamba shauri limekwisha, au kwamba njia pekee iliyobaki ni kulipa ada upya na kuanza mwanzo. Sheria ya Kanada inatoa nafasi ya rufaa. Hata hivyo, nafasi hiyo ina mwenyewe, ina muda maalumu, na familia inaweza kuipoteza bila kujua.

Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya Kanada, iliyoanza kutumika Juni 2002, inatoa haki hiyo kwa mdhamini, yaani raia au mkaazi wa kudumu wa Kanada aliyewasilisha ombi la kumdhamini mzazi wake. Mzazi hawezi kukata rufaa hiyo kwa jina lake mwenyewe. Rufaa hupelekwa katika Divisheni ya Rufaa za Uhamiaji, iliyo ndani ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi ya Kanada, chombo kinachoamua mashauri bila kuelekezwa na wizara iliyokataa ombi. Notisi ya rufaa, ikiambatanishwa na barua ya kukataliwa, inapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu kupokewa kwa sababu za uamuzi kwa maandishi. Kwa sababu hiyo, mzazi apokeaye barua ya aina hiyo anashauriwa kumtumia mwanawe nakala kamili bila kuchelewa.

Haki ya rufaa huweza kupotea hata kabla ombi halijaamuliwa. Fomu ya udhamini humtaka mdhamini achague lipi lifanyike iwapo ataonekana hana sifa: ombi liondolewe, au liendelee kushughulikiwa hadi uamuzi utolewe. Anayechagua kuliondoa hurejeshewa sehemu ya ada, lakini hawezi kukata rufaa. Anayechagua liendelee huilinda haki yake.

Sababu za kukataliwa hutofautiana. Nje ya jimbo la Quebec, lenye taratibu zake, mdhamini kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha kwamba kipato chake kilizidi kwa asilimia 30 kiwango cha chini kinachohusiana na ukubwa wa familia yake, kwa miaka mitatu ya kodi mfululizo. Sababu nyingine ni afya: mzazi anaweza kukataliwa iwapo matibabu yake yatatarajiwa kuwa mzigo mkubwa kupita kiasi kwa huduma za umma. Ipo pia shaka juu ya uzazi wenyewe, hasa pale majina yanapotofautiana katika vyeti, au cheti cha kuzaliwa kinapokuwa kimetolewa miaka mingi baada ya mtoto kuzaliwa. Marekebisho ya vyeti hufanywa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kwa Tanzania Bara, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar. Kumbukumbu za shule, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo huweza kutumika kama vielelezo vya ziada.

Jambo moja huwaumiza wengi. Katika jamii zetu, mama mdogo au baba mkubwa aliyemlea mtoto baada ya wazazi kufariki dunia huitwa mama au baba, na hustahili heshima hiyo. Kwa sheria ya Kanada, malezi pekee hayamfanyi kuwa mzazi pasipo kuasili kunakotambulika kisheria. Mlezi asiyehesabiwa kuwa mzazi kwa kawaida huwa nje ya kundi la familia, na akiwa nje ya kundi hilo Divisheni haina mamlaka ya kumfikiria kwa misingi ya kiutu hata kama habari zake zinagusa moyo.

Kwa aliye ndani ya kundi hilo, rufaa ni usikilizwaji mpya. Vielelezo ambavyo ofisa wa viza hakuviona vinaweza kuwasilishwa. Rufaa hukubaliwa iwapo uamuzi ulikosea kisheria au katika ukweli wa mambo, iwapo haki ya asili haikuzingatiwa, au iwapo zipo sababu za kiutu zinazotosha, yakizingatiwa pia maslahi ya mtoto mdogo anayeathirika. Hapo ndipo hali halisi ya mzazi hupata nafasi ya kusikika: upweke wake, uhusiano wake na wajukuu, fedha za matumizi anazotumiwa, na kipato cha mdhamini kilichoongezeka tangu ombi likataliwe. Kila dai linahitaji uthibitisho.

Udanganyifu, kwa upande mwingine, hufunga mlango. Mzazi akikataliwa kwa sababu ya taarifa za uongo au cheti cha kughushi, mdhamini hana haki ya kukata rufaa katika Divisheni, na mzazi huzuiwa kuingia Kanada kwa miaka mitano. Cheti chenye kasoro ya kweli kikiambatana na maelezo kinaweza kutetewa. Cheti cha kughushi kinaiondolea familia nafasi hiyo ya kujieleza.

Mashauri huendeshwa kwa Kiingereza au Kifaransa, lakini mkalimani wa Kiswahili anaweza kuombwa. Nyaraka za Kiswahili sharti zitafsiriwe, na tamko la mfasiri liambatanishwe.

Rufaa ikikubaliwa, jalada hurudi kwa maofisa wa viza ili taratibu zilizobaki zikamilishwe. Viza haitolewi papo hapo. Ikikataliwa, mdhamini ana siku 15 za kuomba ruhusa ya Mahakama ya Shirikisho ili uamuzi upitiwe.

Utaratibu huu hauhusu viza ya matembezi, ikiwemo viza maalumu ya wazazi iruhusuyo kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja. Ombi la viza hizo likikataliwa nje ya Kanada, njia ya kisheria iliyopo ni Mahakama ya Shirikisho, ndani ya siku 60. Kwa hiyo, jambo la kwanza la kuangalia katika barua ni aina ya ombi lililokataliwa, kisha sababu iliyotajwa, kisha tarehe ilipopokewa.