Mkeka Usiosukwa

Mfumo wa krosheti unaoiga msuko wa kikapu humdanganya mtazamaji kwa urahisi, kwa kuwa blanketi lililofumwa hivyo huonekana kana kwamba mikanda minene ya uzi imepishanishwa juu na chini, ilhali ndani yake hakuna mkanda hata mmoja uliopita chini ya mwenzake. Katika kisiwa cha Mombasa, ambako mkeka, kawa na pakacha ni vitu visivyohitaji kuelezwa, udanganyifu huo unastahili kuchunguzwa kwa makini, maana anayezitazama kwa karibu kazi zote mbili, ya ukili na ya uzi, hugundua kwamba zinafanana usoni tu.

Ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa miyaa, yaani vipande vyembamba vya majani ya mimea ya jamii ya mitende, ambavyo huchanwa, hukaushwa na pengine hutiwa rangi kabla ya kazi kuanza. Msukaji hushika miyaa kadhaa kwa wakati mmoja na kuipitisha kimshazari, huu juu na ule chini, hadi utepe ufikie pima nyingi, pima ikiwa ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kisha utepe huo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka upatikane mkeka. Kinachoushikilia msuko ni kubanana: kila mwaa umezuiwa na mingine inayokatiza njia yake, na vijiraba vinavyoonekana usoni mwa mkeka ndiyo njia halisi iliyopitwa na miyaa.

Krosheti hufuata njia nyingine kabisa. Fundi ana uzi mmoja na sindano moja yenye kulabu nchani, na kila fundo linapokamilika kitanzi kilicho wazi, yaani kile ambacho bado hakijashikwa na kingine, huwa kimoja tu. Kila fundo jipya huvutwa kupitia lililotangulia, na uzi ukivutwa kutoka mwisho wake blanketi zima hufumuka hadi kitanzi cha kwanza. (Wengi husema wanashona vitambaa vya makochi hata pale wanapovifuma kwa krosheti, na usemi huo hauna haja ya kusahihishwa, ingawa katika kazi hiyo hakuna vipande viwili vinavyounganishwa.)

Ili uzi huo mmoja uonekane kama mikanda iliyopishana, fundi hutumia nguzo. Nguzo, kwa maana inayotumika hapa, ni fundo refu linalopatikana kwa kuuzungusha uzi mara moja juu ya sindano kabla ya kuichomeka katika kazi, kisha kuvuta vitanzi viwiliviwili mpaka kibaki kimoja. Katika ufumaji wa kawaida sindano huchomekwa kichwani mwa nguzo ya safu iliyo chini, na matokeo yake ni kitambaa bapa. Katika mfumo wa kikapu kichwa hicho huachwa, na sindano hukizunguka kiwiliwili cha nguzo: ikiingia kutoka mbele, ikapita nyuma ya nguzo na kutokeza tena mbele, nguzo hiyo husukumwa kuelekea kwa mtazamaji, na fundo hilo linaweza kuitwa nguzo ya mbele; ikiingia kutoka nyuma, ikapita mbele ya nguzo na kurudi nyuma, nguzo husukumwa upande wa pili, nalo fundo ni nguzo ya nyuma. Kichwa kilichoachwa hakipotei, kwani penye nguzo za nyuma hujitokeza kama mstari uliolala, wakati penye nguzo za mbele jicho huona mistari iliyosimama, na ujirani wa mistari iliyosimama na iliyolala ndio unaolifanya jicho liamini kwamba kuna mkanda uliopita chini.

Mraba wa kawaida huwa na nguzo 4 kwa upana na safu 3 kwa kimo, baada ya hapo mpangilio hugeuzwa, palipokuwa na nguzo za mbele pakafumwa za nyuma, na za nyuma zikafuatwa na za mbele. Kwa sababu hiyo idadi ya nguzo hutakiwa igawanyike kwa 8, kisha nguzo 1 huongezwa katika kila ukingo. Fundi anayefuma blanketi la mtoto mchanga anaweza kuanza na mnyororo wa vitanzi 124. Safu ya kwanza, ambayo hufumwa bapa, huanzia kitanzi cha 4 kutoka kwenye sindano, vile 3 vilivyorukwa vikihesabiwa kuwa nguzo ya ukingo, na hivyo hupatikana nguzo 122, ambazo 120 kati yake ni za miraba 30. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 4 upana huo hukaribia sentimita 70, takriban shibiri 3, ingawa mkono wa kila fundi una mvuto wake, na kipande kidogo cha majaribio ni shahidi anayeaminika kuliko maelezo yaliyochapishwa.

Wanaoanza hukwama hasa pale kazi inapogeuzwa, kwa kuwa nguzo iliyojitokeza upande mmoja huonekana imezama upande wa pili. Anayekariri hesabu ya safu bila kuitazama kazi hujikuta amevunja miraba yake mwenyewe. Anayeitazama hana la kukariri, kwani maadamu mraba haujakamilika, kilichojitokeza mbele yake hukifuma kwa nguzo ya mbele na kilichozama kwa nguzo ya nyuma. Kukiwa na miraba iliyo shufwa, yaani idadi inayogawanyika kwa 2, safu zote 3 za daraja moja, yaani za mstari mmoja wa miraba, huanza kwa namna ileile, jambo ambalo hupunguza makosa mengi kuliko uangalifu.

Tatizo jingine ni la majina. Istilahi moja ya Kiingereza hutaja fundo fupi kwa Waingereza na fundo refu kwa Wamarekani, na msomaji wa Kenya, ambaye huweza kukutana na maelezo ya pande zote mbili, anaweza kufuma blanketi zima kwa fundo lisilokusudiwa. Mafundo mafupi yana kiwiliwili kidogo mno kuzungukwa vizuri na sindano, na msuko unaotarajiwa hautokei. Ni busara kulitafuta kwanza jedwali la vifupisho na kuangalia ni mara ngapi uzi unazungushwa juu ya sindano, kwa kuwa hesabu hiyo haibadiliki hata jina likibadilika.

Ikiwa ni lazima mfumo huu upewe ndugu katika sanaa za Mombasa, basi ndugu huyo si mkeka bali ni nakshi. Mchongaji wa milango ya Mji wa Kale, kama ile inayoonekana katika mtaa wa Ndia Kuu, huondoa mti ili ua libaki limeinuka. Mfumaji haondoi kitu, lakini naye hufanya kazi ya kuinua na kuzamisha, na wote wawili hutegemea kivuli ndipo kazi yao ionekane. Kanga hufanya kinyume. Tangu Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, aanze biashara yake mjini humo mwaka 1887, macho ya wateja yamezoea mapambo yanayoletwa na rangi, yakitenganisha pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, juu ya kitambaa bapa. Ladha hiyo ikihamishiwa kwenye blanketi la kikapu huliharibu, kwani rangi nyeusi humeza vivuli na uzi wa rangi mchanganyiko huyavuta macho mbali na miraba. Rangi moja isiyokoza, iwe ya maziwa, ya mchanga au ya kijani kilichopauka, hutosha.

Kuhusu joto, wengi huuliza blanketi ni la nini katika mji ambao usiku mwingi huvumilika kwa shuka au kanga moja. Jibu limo katika majira: kusi inapovuma, hasa Julai na Agosti, alfajiri huwa na ubaridi, na mtoto mchanga huuhisi kabla ya wakubwa. Hata hivyo mabonde na vilima vya mfumo huu hunasa hewa, na hewa iliyonaswa ndiyo inayohifadhi joto, kwa hiyo uzi wa sufu hapa ni kupita kiasi. Akriliki, uzi unaotengenezwa kiwandani kwa kemikali, ni nyepesi na hukauka upesi lakini hainywi jasho. Pamba hunywa jasho, na kwa ngozi ya mtoto ndiyo inayofaa zaidi, japo ni nzito. Nguzo zinazozungukwa hula uzi mwingi kuliko nguzo za kawaida, hivyo vibonge vyote hununuliwa kwa mkupuo mmoja, namba ya mtio wa rangi ikiwa ileile kwenye kila lebo, kwa maana mitio miwili ya rangi moja hutofautiana kidogo na tofauti hiyo huonekana kama mstari katikati ya blanketi.

Uzito wa pamba hudhihirika zaidi siku ya kufua, hasa wakati wa masika ambapo unyevu wa bahari na wa mvua hukutana na kuvu huota upesi kwenye kitambaa kinene. Blanketi lililolowa halianikwi kambani, kwani maji huvuta nguzo kuelekea chini na miraba hurefuka isirudi tena. Hukamuliwa ndani ya taulo, kisha hutandazwa bapa kivulini penye upepo, juu ya mkeka ambao miyaa yake haikutiwa rangi, kwa sababu rangi ya miyaa huchuja.