AFYA NA USALAMA: Nywele Zako Zinakuambia Nini?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya macho, mikono na mapafu. Mara hii tuzungumze juu ya nywele. Wengine watacheka na kusema hayo ni maneno ya urembo tu. Sivyo. Franka nyingi zinatoka nyumbani mwetu kununua mafuta na dawa za nywele katika soko la Bunia, na mara nyingi nywele zinazidi kukatika. Tena kuna nywele zinazoanguka kwa sababu mwili unaumwa, na kuna mtoto ambaye rangi ya nywele zake inatangaza ugonjwa mkubwa. Inafaa tujue kuzisoma.

UNYWELE NI NINI?

Sehemu unayoiona na kuichana haina uhai. Ndiyo maana kinyozi akikata husikii maumivu. Uhai uko chini ya ngozi, katika mzizi, mahali damu inapoleta chakula. Kichwa cha mtu mzima kina nywele karibu 100,000. Kila unywele unakua miaka kadhaa, karibu sentimeta 1 kwa mwezi, kisha unapumzika, unaanguka, na mwingine unaota mahali pake. Basi nywele 50 hadi 100 zikianguka kwa siku, huo si ugonjwa.

Hapo tunapata mafundisho mawili. La kwanza: mafuta unayopaka yanaulinda unywele ulioota tayari, lakini hayalishi mzizi. La pili: unywele uliokatika au kuungua hauponi, unaacha mpya ukue na kukata ule mbovu pole pole. Mtu anayekuuzia dawa ya kurefusha nywele kwa juma moja anakula pesa yako bure.

NYWELE ZINAANZA KATIKA SUFURIA

Unywele umejengwa kwa kitu kile kile kinachojenga nyama ya mwili. Ugali wa muhogo peke yake hautoshi. Weka pamoja nao maharagwe, karanga, soya, yai, ndagala, au samaki wa Ziwa Albert wanaofika kutoka Kasenyi. Sombe na lengalenga visikose.

Mama, tazama kichwa cha mtoto. Nywele zake zikianza kuwa nyekundu au kufifia, zikawa laini na chache, zikang'oka bila yeye kulia, na miguu ikavimba, usimtafutie mafuta. Huo ni ugonjwa wa bwaki, ambao waganga wanauita kwashiorkor. Mpeleke kwenye kituo cha afya siku ile ile, maana unaua. Mtoto akitunzwa na kula vizuri, utaona nywele nyeusi zikiota chini ya zile nyekundu.

Kwa mtu mzima, nywele zinaweza kupungua kwa sababu damu imepungua. Sisi watu wa migodi tunapaswa kukumbuka safura. Karibu na mwaka 1880, wafanyakazi waliotoboa njia ya treni chini ya mlima wa Gotthard, huko Uswisi, walidhoofika na wengi wakafa. Waganga wakakuta tumbo zao zimejaa minyoo ya safura inayonyonya damu. Minyoo hiyo inaingia kwa ngozi ya miguu mahali watu wanapojisaidia ovyo penye unyevu. Buti miguuni na choo safi vinalinda damu, na damu inalinda nywele.

Baada ya homa kali au kuzaa, nywele nyingi zinaweza kuanguka miezi miwili, mitatu au minne baadaye. Mama asiogope na asilaumu mtoto wala jirani. Kwa kawaida zinarudi zenyewe kabla mwaka haujaisha.

KAZINI: KASKE NA MASHINE

Wengine wanasema kaske inaleta upara. Si kweli. Upara wa wanaume unatoka zaidi katika ukoo. Usivue kaske kwa sababu ya nywele: unywele unaota tena, lakini fuvu lililopasuka halioti tena.

Jasho na vumbi chini ya kaske ndivyo vinavyoleta muwasho na harufu. Vaa kitambaa chepesi cha pamba chini yake na kukifua kila siku. Osha utepe wa ndani kwa maji na sabuni, usitumie esansi wala mazutu, kwa sababu zinaweza kudhoofisha kaske yenyewe. Usiazime kaske ya mwenzako.

Mwenye nywele ndefu au misuko azifunge vizuri nyuma, ndani ya nguo, kabla ya kukaribia mkanda au mashine inayozunguka. Mashine haingoji mtu apige kelele. Na misuko isiwe minene hata kaske ikae juu juu.

NYUMBANI: UTUNZAJI WA KILA JUMA

Nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya asili ya ngozi hayafiki upesi kwenye ncha. Zinakauka na kukatika, hasa katika vumbi la kiangazi, Desemba hadi Februari. Fanya hivi:

1. Osha kichwa mara moja kwa juma au majuma mawili. Anayetoka mgodini aondoe jasho kwa maji kila siku. Sabuni ya kufulia inakausha. Tumia iliyo laini, kisha suuza sana.
2. Nywele zikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo: ya mbarika, ya nazi, au yale meusi ya kokwa za ngazi. Mafuta yanazuia maji yasitoke. Hayachukui nafasi ya maji.
3. Chana kwa kichanuo chenye meno mapana, ukianzia ncha na kupanda kuelekea mzizi.
4. Usiku funga kitambaa laini.

MISUKO, MESHI NA DEFRIZANTI

Msuko unaouma si msuko mzuri. Ukikaza sana kwenye paji la uso na juu ya masikio, au ukiongeza meshi nzito, mzizi unavutwa kila saa. Kwanza vinatokea vipele, kisha nywele zinapungua pembeni. Ukilegeza mapema zinarudi. Ukiendelea miaka, mzizi unakufa na kovu linabaki. Hapo hakuna mafuta yatakayozirudisha. Pumzisha kichwa majuma machache kati ya msuko na msuko, na watoto wa shule wasukwe kwa kulegea.

Defrizanti nyingi zina soda kali inayoweza kuunguza ngozi na kupofusha jicho. Usimpake mtoto, wala kichwa chenye kidonda. Ikianza kuchoma, osha mara moja kwa maji mengi.

MASHILINGI NA CHAWA

Mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika kwenye kichwa cha mtoto ni mashilingi. Si uchawi wala uchafu wa mama. Ni kuvu, inayopita kwa kichanuo, kofia na mashine ya kunyolea. Pomade peke yake haitoshi, maana kuvu imeingia ndani ya unywele. Inatakiwa dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, kwa amri ya munganga. Wembe wa kinyozi uwe mpya kwa kila mtu, kwa kuwa damu inapitisha SIDA na ugonjwa wa ini. Na kamwe usiue chawa kwa petroli: watoto wameungua hivyo.

ZEBAKI INAONEKANA KATIKA NYWELE

Tangu dhahabu ilipogunduliwa upande wa Kilo mwaka 1903, mkoa wetu unaishi nayo. Wachimbaji wengi wanaikusanya kwa zebaki. Mwaka 1971 na 1972 huko Iraki watu walikula mkate wa mbegu zilizotiwa dawa ya zebaki. Zaidi ya 6,000 walilazwa hospitalini na zaidi ya 400 wakafa humo. Wataalamu walikata nywele za wagonjwa vipande vya sentimeta moja moja, wakasoma mwezi kwa mwezi sumu iliyopita katika damu. Kuosha kichwa hakukuiondoa. Moshi wa zebaki nao unaharibu ubongo na figo, hasa kwa mtoto aliye tumboni. Basi usichome dhahabu jikoni, wala usitumie sufuria ya chakula kwa kazi hiyo. Jihadhari pia na sabuni na pomade za kung'arisha ngozi. Nyingine zina zebaki.

TUKUMBUKE

Kula vizuri, osha kwa upole, suka kwa kulegea, usiazime kichanuo, usivue kaske kazini. Nywele zikianguka kwa mabaka, kichwa kikitoa usaha, au ukiona uchovu na ulimi mweupe pamoja na nywele kupungua, nenda kwenye dispanseri mapema. Huko gharama ni ndogo kuliko kopo la kumi la mafuta yasiyosaidia.