Homa ya Juma la Kwanza Ugenini

Kila ifikapo mwishoni mwa Septemba, vyuo vikuu vya Uingereza hupokea wanafunzi wapya, na miongoni mwao wamo vijana wetu. Juma la kwanza huwa la foleni na mizunguko: kitambulisho cha chuo, akaunti ya benki, koti zito, duka linalouza unga wa ugali. Kisha, siku ya nne au ya tano, mwili hulegea, kichwa huuma, na usiku mgeni hutetemeka ingawa chumba kina joto. Bweni zima linakohoa. Hujiambia kuwa ni baridi ya huku, au mafua ya wanafunzi wapya, au upweke tu. Mara nyingi huwa sahihi. Makala haya yanamhusu yule ambaye amekosea.

Kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho ndicho chanzo kikuu cha malaria nchini Tanzania, hakijidhihirishi siku mbu anapouma. Kwanza hujificha katika ini kwa takriban juma moja bila dalili yoyote, ndipo huingia katika damu na kuanza kuharibu chembe nyekundu. Kwa kawaida homa huanza kati ya siku 7 na 14 baada ya kuumwa, na kwa baadhi ya watu huchelewa hata mwezi au zaidi. Kijana aliyekwenda Kilombero kuwaaga babu na bibi, akalala bila chandarua, kisha siku 5 baadaye akapanda ndege Dar es Salaam, husafiri akijiona mzima kabisa. Malaria humdhihirikia akiwa Leeds au Birmingham, mahali ambapo hakuna mbu wa kulaumiwa.

Wengine hujifariji kwamba walipimwa afya kabla ya kupewa viza. Kipimo kile, wanachotakiwa Watanzania wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi 6, hutafuta kifua kikuu peke yake. Wala uchovu usisingiziwe mabadiliko ya saa: mwezi huo Uingereza iko nyuma yetu kwa saa 2 tu.

Katika zahanati zetu, homa na kipimo cha malaria ni pacha. Kule, daktari aweza kufanya kazi muda mrefu bila kumwona mgonjwa wa malaria hata mmoja, na asipoambiwa mgonjwa ametoka wapi, huenda asiiwazie. Wakati huo huo falciparum yaweza kugeuka kali ndani ya siku moja au mbili: mgonjwa huchanganyikiwa, macho huwa ya manjano, figo hushindwa, fahamu hupotea. Kinga aliyojijengea mtu aliyekulia penye malaria husaidia, lakini haikamiliki, na aliyekulia mjini au nyanda za juu zenye baridi huenda hana kinga ya kutegemea.

Wapo wanaosafiri na dozi ya dawa mseto mkobani. Nawaelewa, hata hivyo, kumeza vidonge viwili vitatu bila kupimwa kwaweza kuvipunguza vimelea hadi visionekane katika kipimo, na visiishe. Na kama ugonjwa wenyewe ni homa ya uti wa mgongo, ambayo wanafunzi wapya wa huko huonywa juu yake, saa za thamani zitakuwa zimepotea.

Nchini England, kujiandikisha kwa daktari wa familia ni bure, na ukosefu wa uthibitisho wa anwani si kizuizi. Matibabu ya malaria nayo hayalipishwi, hata kwa mgeni wa siku chache. Homa isingoje usajili ukamilike: namba 111 hutoa ushauri usiku na mchana, na 999 ni ya dharura. Kipimo cha kwanza kikionyesha hakuna vimelea, mgonjwa asishangae akiitwa kupimwa tena siku zinazofuata, kwani ndivyo ipasavyo.

Wahudumu wenzangu wanaomkagua msafiri kabla ya kuondoka wamwandikie karatasi moja: dawa anazotumia kwa majina yake ya kitaalamu, tarehe ya kuondoka, mahali alipolala katika mwezi uliotangulia, na ombi kwamba akipata homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Karatasi hiyo ikunjwe ndani ya pasipoti, isiwekwe katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege.